Wamesemaje?

Hotuba hii niliitoa Siku ya Kifafa Duniani, mbele ya wanafunzi wa udaktari wanaojiandaa kwenda uwandani, wazazi wa watoto wenye kifafa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Nimeiandika kama nilivyoisema, kwa ajili ya waliokosa nafasi na wale ambao mvua iliwakwamisha njiani.

Wazee wangu, shikamooni. Wanangu wanafunzi, hamjambo? Wazazi mliotoka mbali, najua wengine mmelala stendi ili mfike hapa saa tatu. Poleni na safari, na ahsanteni sana.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, na kazi hii nimeifanya miaka 26. Barua ya mwaliko inasema nizungumzie umuhimu wa tafiti za vyuo vikuu katika magonjwa ya ubongo na afya ya akili. Nitauzungumzia. Lakini naomba mniruhusu nianzie jikoni kwa mama yangu.

Ilikuwa jioni, mama anasonga ugali. Mdogo wangu, miaka saba, amekaa kwenye kigoda anaota moto. Mimi naingia na ndoo ya maji. Nikaona shingo yake inageuka taratibu, kama mtu aliyeitwa kutoka nyuma. Macho yakapanda juu. Halafu akaenda na uso mbele, mkono wa kulia ukatangulia katikati ya mafiga. Jirani yetu alikuwa amesimama mlangoni. Akapiga kelele, "Usimguse! Ana povu, litakuambukiza!" Mama hakumsikia, au alimsikia akampuuza. Alimvuta mwanawe kutoka motoni, na lile povu likamwagika mkononi mwake.

Na mimi je? Mimi nilibaki na ndoo yangu. Sikusogea. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nililiogopa povu la ndugu yangu wa tumbo moja.

Ndugu zangu, povu ni mate. Mate tu, yaliyochanganyika na hewa kwa sababu mtu anashindwa kuyameza. Hayajawahi kumwambukiza mtu kifafa, leo wala jana. Lakini nani aliyetuambia? Pale kijijini kwetu, mwaka ule, nani alikuwa ametuambia?

Vidole viwili vya mdogo wangu vilipona vimeshikana. Miezi michache baadaye likaja gari jeupe. Wakashuka vijana wenye madaftari, watu waungwana, wanafanya utafiti wa kifafa. Walikaa na mama chini ya mwembe karibu saa mbili. Mimba ilikuwaje? Mtoto alilia alipozaliwa? Degedege ilianza lini? Homa? Nguruwe mnafuga? Wakachukua damu. Wakampa mama kikaratasi kidogo chenye namba 47, wakamwambia akitunze, watarudi na majibu.

Niwaambieni jambo ambalo wanafunzi wengi hawalitarajii: mama alifurahi. Alifurahi kuulizwa. Mpaka siku ile watu walikuwa wamemwambia tu: umelogwa, umemkosea shangazi, mizimu ya kwenu imekasirika. Hakuna aliyewahi kumwuliza. Usiku ule alisema, "Leo nimekaa na watu wanaotaka kujua."

Kikaratasi akakiweka kwenye Biblia. Kila gari lililopita barabarani alinituma nikatazame. Nikirudi ananiuliza neno moja: "Wamesemaje?"

Hawakurudi. Mdogo wangu alifikisha miaka kumi na tisa, akaenda mtoni kuoga, akaanguka kwenye maji yanayofika magotini. Mama alipokufa, mimi ndiye niliyeifungua ile Biblia. Namba 47 ilikuwa bado ipo.

Sitawataja wale vijana wala waliowatuma. Wengine huenda walipata shahada zao, na damu ya mdogo wangu huenda ilileta elimu fulani mahali fulani. Sina ugomvi na utafiti. Ninachosema leo, na nitakisema mpaka mchoke, ni kwamba swali la mama ni sehemu ya utafiti wenyewe. Wamesemaje? Kama hilo halijajibiwa, kazi haijaisha.

Wahenga wetu walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo mgeni apone.

Sasa nendeni nami Mahenge, mkoani Morogoro. Walio na ndugu Ulanga wanaijua ile milima na mito yake ya kasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alifanya kazi huko daktari mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall. Alikuta watu wenye makovu ya moto, wanakula peke yao, wana bakuli zao na mahali pao pa kulala, kwa sababu ya hofu ileile ya povu. Akafungua kliniki ya kifafa. Dawa yenyewe ilikuwa fenobabitoni, kidonge ambacho wengi mliomo humu mnakijua, na ambacho hata leo ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa.

Wanangu wanafunzi, tazameni alichofanya baada ya hapo. Wazazi walimwonyesha watoto wenye hali ambayo haikufanana na kifafa alichosoma chuoni. Mtoto anakula, ghafla kichwa kinashuka, kinapanda, kinashuka. Anaacha tonge mkononi. Wenyeji wakasema, amesinzia kichwa. Daktari angeweza kusema hawa watu hawajasoma, mtoto ana usingizi. Hakusema hivyo. Aliandika alichokiona na alichoambiwa, na mwaka 1965 alichapisha taarifa yake ya kifafa miongoni mwa Wapogoro, wenyeji wa Mahenge. Miaka mingi baadaye, watoto walipoanza kutikisa vichwa namna hiyo Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, na dunia ikashtuka kwamba kuna ugonjwa mpya, ikaonekana kuwa mama wa Mahenge alikuwa ameshausimulia zamani.

Kwa nini simulizi lake lilisikika? Kwa sababu kuna mtu alimwamini mama. Na huyu daktari, hata alipohamia Kanada, aliendelea kurudi Mahenge kuwatazama wagonjwa wake na kuhangaikia dawa zao. Alirudi. Ndugu zangu, alirudi!

Mtaniuliza, kifafa ni nini hasa? Seli za ubongo huzungumza kwa umeme mdogo sana, zikipokezana kama watu kwenye kikao chenye mwenyekiti mzuri. Kifafa ni pale kundi zima linapopayuka kwa mpigo mmoja. Wengine mnasema shoti, na hamko mbali. Sababu za kupata shoti hiyo ni nyingi: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, ajali ya bodaboda bila kofia. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 50 wana kifafa, na karibu asilimia 80 yao wanaishi nchi za kipato kama chetu. Halafu linasema jambo ambalo ningependa liandikwe ukutani kwenye kila zahanati: hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kupata dawa sahihi.

Asilimia 70! Mdogo wangu huenda alikuwa mmoja wao.

Wengine watasema, kuhesabu watu kuna faida gani? Kuna faida. Mwaka 2013 ilitoka taarifa ya utafiti mkubwa uliopita kwenye maeneo matano: Agincourt kule Afrika Kusini, Kilifi Kenya, Iganga na Mayuge Uganda, Kintampo Ghana, na Ifakara hapa kwetu. Watu zaidi ya laki tano na nusu. Mmoja wa walioongoza kazi hiyo ni Mkenya, Anthony Ngugi. Kilifi walikuta wagonjwa 7.8 wa kifafa cha degedege katika kila watu 1,000. Ifakara, 14.8. Karibu mara mbili! Namba kama hiyo haimponyi mtu. Lakini mganga mkuu anaweza kwenda nayo kwenye kikao cha bajeti akaiweka mezani, na hapo ndipo makopo ya dawa yanapozaliwa.

Au Haydom, kule Mbulu, ambako watafiti waliwapiga picha za kichwa watu 212 wenye kifafa, na 38 wakaonekana wana dalili za malengelenge ya tegu, mnyoo wa nguruwe, ndani ya ubongo. Hebu fikirini. Zaidi kidogo ya mmoja kati ya sita. Na tegu huzuilika kwa choo, kwa kunawa mikono na kwa kufungia nguruwe. Swali la nguruwe ambalo mama aliulizwa chini ya mwembe lilikuwa swali zuri. Angeelezwa tu kwa nini anaulizwa.

Narudi Mahenge, maana habari yake haijaisha. Miaka zaidi ya hamsini baada ya yule daktari, mwaka 2017, watafiti wa Kitanzania pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, walipita nyumba kwa nyumba. Hodi, hodi. Maswali yenyewe ni mepesi: kuna mtu humu amewahi kupoteza fahamu akajikojolea au akatoka mate? Kuna mtu anabaki ameduwaa, haitiki akiitwa? Kwenye vijiji vya ndani walikuta kifafa kwa asilimia 3.5 ya watu. Vijiji vya karibu na mji, asilimia 1.5. Vijiji vya ndani viko karibu na mito ya kasi, na mito ya kasi ndiyo mazalia ya wale inzi wadogo weusi wanaoeneza usubi, ugonjwa wa mnyoo wa ngozini.

Usubi tuliujua kwa upofu na mwasho wa ngozi. Sasa ushahidi umelundikana, Mahenge na kwingineko, kwamba unakwenda pamoja na kifafa cha watoto waliozaliwa wazima, wakakua wazima, kisha wakaanza kuanguka au kusinzia kichwa. Vipi hasa mnyoo wa ngozini unaudhuru ubongo, wataalamu bado wanabishana, na hapo wanangu kuna kazi yenu ya miaka mingi. Lakini hawakusubiri ubishi uishe. Dawa ya usubi, ivamektini, iliyokuwa inagawiwa mara moja kwa mwaka, ikaanza kugawiwa mara mbili. Na walipofuatilia, wagonjwa wapya wa kifafa walikuwa wamepungua sana.

Mnaona ilivyokwenda? Mama anasema, daktari anaamini, watafiti wanahesabu, dawa inaongezwa, mtoto wa mama mwingine haanguki. Anayetembeza hiyo dawa ni nani? Ni mgawa dawa wa kijiji, mwenye fimbo ya kupimia urefu na daftari lililofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Wapo hapa leo, nawaona safu ya tatu. Naomba tuwapigie makofi, na tuwapigie kwa nguvu.

(Hapa niliomba mwanafunzi mmoja aje alale kwenye mkeka, tukaonyesha pamoja namna ya kumsaidia anayeanguka. Ondoa vitu vikali na moto. Weka kanga chini ya kichwa. Usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko mdomoni, usimchomee njiti ya kiberiti puani wala kumnusisha kiatu. Mikono na miguu ikitulia, mlaze ubavu. Tazama saa: ikipita dakika tano bado anatupa mikono na miguu, au akianguka tena kabla hajazinduka, tafuteni usafiri wa kwenda hospitali. Baba mmoja alisema amekuwa akitumia kijiko miaka minane, na mtoto amepoteza meno mawili. Tulinyamaza kidogo wote.)

Nimezungumza sana juu ya anayeanguka. Je, anayemwinua? Mama yangu hakuwa na kifafa. Lakini alikuwa halali usiku. Akisikia kikombe kimedondoka, anaruka. Alikonda. Alikaa kizingitini akitazama ardhi, na majirani walisema, "Ana mawazo." Neno letu ni hilo, mawazo. Hatukuwahi kudhani mawazo yana dawa.

Kule Zimbabwe wana neno la Kishona, kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Ni mawazo yetu haya haya. Daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa wake kwa kujiua, na alipouliza ilikuwaje hakurudi hospitali, akaambiwa familia haikuwa na nauli ya basi. Nauli ya basi, ndugu zangu! Hapo akaacha kungoja watu waje kwake. Mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare, Harare, alianza na bibi kumi na wanne wa kujitolea, akawafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu kulichambua tatizo lake moja baada ya jingine. Mahali pa kazi ni benchi la mbao nje ya kliniki, chini ya mti.

Mwanzoni aliliita benchi la afya ya akili. Watu wakalikwepa. Bibi wakamwambia, daktari, hapo nani atakaa? Liite benchi la urafiki. Akawasikiliza. Daktari akawasikiliza bibi!

Na hakuishia kusema linafaa kwa kuwa linapendeza. Alilipima. Yeye na wenzake walichukua kliniki 24 za Harare na watu 573 wenye mawazo hayo, wengine wakapata benchi, wengine wakapata huduma ya kawaida iliyoongezewa kidogo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, katika kundi la huduma ya kawaida, nusu nzima walikuwa bado wana dalili. Waliokaa na bibi, asilimia 14 tu. Leo benchi hilo limefika Malawi, na limefika Zanzibar, bahari yetu hii hii. Mama yangu hakuhitaji kitanda cha hospitali. Alihitaji benchi.

Sasa nyie wanangu mnaoondoka wiki ijayo. Mmepata kibali cha maadili, mmechapa madodoso, na nimeona fulana zenu mpya, zinapendeza. Nina maombi kwenu, na ninayaomba kama mama.

Mkifika, msiseme "mhojiwa". Ana jina. Muamkieni. Kama ni mzee, shikamoo kwanza, dodoso baadaye. Fomu ya ridhaa isomeni kwa Kiswahili cha nyumbani, si kile cha kutafsiriwa ambacho hata mimi kinanishinda. Mkimkuta mtoto anaanguka na hana dawa, msiandike tu "hana dawa" mkageuza ukurasa. Andikeni rufaa, pigeni simu zahanati, hakikisheni dawa ipo kabla hamjamtuma mtu kilomita ishirini kwa miguu.

Na wekeni fedha za mrejesho kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Tangu siku ya kwanza! Nimesimamia wahoji kwenye tafiti kadhaa, najua inavyokuwa. Mafuta ya gari yapo, posho zipo, mashine ya damu ipo, mwisho tunaambiwa kikao cha kijiji hakikupangiwa fungu. Mwaka mmoja tulichangishana wahoji sita, tukakodi gari, tukarudi. Mwenyekiti wa kitongoji akatuitia watu chini ya mkorosho. Tulibandika karatasi moja ya manila kwenye shina, namba tano tu, kwa kalamu nzito. Mzee mmoja akasogea mpaka pua ikakaribia karatasi, akaweka kidole kwenye namba ya watoto wanaoanguka hapo kijijini, akasema, "Mmoja hapa ni wangu." Kisha akauliza maswali saa nzima. Ninyi mnayoyaita matokeo, yeye alikuwa anayaona kwa mara ya kwanza yakiwa na mjukuu wake ndani.

Na nyie wazazi wangu, msiogope. Mtafiti akija, muulizeni: unataka nini, damu hii inakwenda wapi, utarudi lini, nikikukosa nimpigie nani? Mna haki ya kukataa, na mkikataa, dawa ya mtoto wenu haikatwi. Mna haki ya kujitoa katikati. Na mkipewa kikaratasi cha namba, msikifungie kwenye Biblia wala kwenye msahafu. Kitembeeni nacho. Kipelekeni zahanati, kipelekeni kwa mwenyekiti, mkaulize: wamesemaje?

Naambiwa muda wangu umekwisha, na mshereheshaji ananitazama kwa heshima. Nilipewa dakika kumi za mwisho kwa ajili ya kujibu maswali. Sitazitumia mimi. Pale nyuma, karibu na dirisha, kuna mama amempakata binti mwenye kofia ya sufu. Asubuhi nimekutana naye getini. Mwaka juzi walikuja watu nyumbani kwake, wakachukua damu, na leo amekuja na kikaratasi chake kwenye pindo la kanga. Mama, njoo mbele, tafadhali. Wanafunzi, fungueni madaftari. Mkaribisheni kiti, na mumpe kipaza sauti.